Kuchonga hati ya Kihanunuo kwenye mwanzi, kwa walioko Kigoma

Kihanunuo ni lugha ya Kiaustronesia, jamii moja na Kimalagasi cha Madagaska. Huzungumzwa milimani kusini mwa kisiwa cha Mindoro, Ufilipino, hasa pande za Mansalay na Bulalacao. Wenyewe ni mojawapo ya makabila manane yanayoitwa kwa pamoja Mangyan, na kati ya hayo manane ni mawili tu, Wahanunuo na Wabuhid, yaliyobaki na hati yao ya asili. Kalamu yake ni kisu, karatasi yake ni mwanzi. Mwaka 1997 serikali ya Ufilipino iliitangaza kuwa hazina ya taifa, na mwaka 1999 UNESCO ikaiingiza, pamoja na hati za Buhid, Tagbanua na Pala'wan, katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kwa mtu wa Kigoma mwenye mwanzi, kisu kikali na masizi ya sufuria, kuiandika si kazi kubwa. Kazi iko kwenye kuisoma. Hati hii huacha sauti nyingi bila kuziandika, na msomaji ndiye anayezirudisha. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye mambo mawili: jinsi silabi zinavyoandikwa na kuachwa, na jinsi kisu kinavyopita kwenye mwanzi.

Herufi zenyewe

Kila herufi ya konsonanti tayari ina irabu *a* ndani yake. Huandiki *k* kisha *a*. Unaandika *ka* kwa herufi moja. Irabu zinazosimama peke yake ni tatu:

ᜠ a, ᜡ i, ᜢ u

Konsonanti ni 15:

ᜣ ka, ᜤ ga, ᜥ ng'a, ᜦ ta, ᜧ da, ᜨ na, ᜩ pa, ᜪ ba, ᜫ ma, ᜬ ya, ᜭ ra, ᜮ la, ᜯ wa, ᜰ sa, ᜱ ha

Ukiona visanduku vitupu badala ya herufi, simu au kompyuta yako haina fonti yake. Ruka hadi sehemu ya mwisho kwanza, kisha urudi.

Ukitaka *ki* unaongeza kialama juu ya herufi: ᜣᜲ. Ukitaka *ku* kialama kinakwenda chini: ᜣᜳ. Mchezo ni huo, lakini kuna mtego. Kialama hakikai pahala pamoja kwa kila herufi. Kwa baadhi ya herufi kinajishikiza kwenye mstari wa herufi yenyewe na kubadili umbo lake. Anayekariri herufi 15 na vialama 2, halafu akadhani amemaliza, hukwama pale anapoona *ti* au *mu* iliyochongwa na mkono wa mtu. Kariri maumbo yote 48 yakiwa mazima: irabu 3, na kila konsonanti mara tatu.

Angalia pia ᜥ. Hiyo ni sauti ya *ng'ombe*, siyo ya *ngoma*. Watu wa Nguruka wakiandika jina la mji wao kwa ᜥᜳᜭᜳᜣ watakuwa wameandika "Ng'uruka".

Herufi za *e* na *o* hazipo, kwa kuwa Kihanunuo kina irabu tatu tu. Pia hakuna *f, v, z, j, ch, sh*.

Kinachomsumbua mgeni zaidi ni kwamba konsonanti isiyofuatwa na irabu haiandikwi kabisa. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Conklin, aliyeishi na Wahanunuo na kuandika juu ya hati yao mwaka 1949, alieleza baadaye, mwaka 1955, kwamba lugha hiyo ina maneno manne makuu ya rangi. Maneno hayo yanatosha kuonyesha tabia ya hati:

*mabiru*, weusi na giza: ᜫᜪᜲᜭᜳ. Silabi zote zimetimia.
*marara*, wekundu na ukavu: ᜫᜭᜭ. Hili nalo limetimia.
*malagti*, weupe: ᜫᜮᜦᜲ. *G* imeachwa, macho yanaona "malati".
*malatuy*, ukijani na ubichi: ᜫᜮᜦᜳ. *Y* imeachwa, macho yanaona "malatu".

Tazama mawili ya mwisho. Kinachotenganisha weupe na ubichi ni kialama kimoja tu, juu au chini ya ᜦ. Kisu kikiteleza hapo, rangi imebadilika.

Kiswahili kinaingiaje humo

Kiswahili kina bahati hapa, maana silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Majina mengi ya kwetu yanaingia bila kukatwa hata sauti moja: Kasulu ni ᜣᜰᜳᜮᜳ, Katubuka ni ᜣᜦᜳᜪᜳᜣ, Malagarasi ni ᜫᜮᜤᜭᜰᜲ. Kwa walioko Tabora, Kipalapala ni ᜣᜲᜩᜮᜩᜮ. Dagaa ni ᜧᜤᜠ; *a* ya pili inajisimamia, inapewa herufi yake.

Taabu huanzia kwenye *e* na *o*. *E* inaangukia kwenye *i*, na *o* inaangukia kwenye *u*. Kigoma inakuwa ᜣᜲᜤᜳᜫ, "Kiguma". Tabora inakuwa ᜦᜪᜳᜭ, "Tabura". Hayo yanavumilika. Lakini *Mahale* na *mahali* yanaandikwa sawasawa, ᜫᜱᜮᜲ. *Toa* na *tua* ni neno moja machoni, *lea* na *lia* vilevile. Ongeza nazali (*m* au *n*) inayotangulia konsonanti, kwa kuwa nayo huachwa: *kamba* inaandikwa ᜣᜪ, na *kaba* pia ni ᜣᜪ. Usimwandikie mtu "niletee kamba" kwa hati hii bila kuwa karibu naye.

Kwa sauti zisizokuwamo, kubalianeni mapema katika kikundi chenu nani atavaa nini. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: *f* iwe *p*, *v* iwe *b*, *z* na *sh* ziwe *s*, *j* iwe *d*, *ch* iwe *t*. *Kwa* iandikwe ku-wa, *nya* iandikwe ni-ya. Ujiji itakuwa ᜢᜧᜲᜧᜲ, na Uvinza itatoka ᜢᜪᜲᜰ, "Ubisa", nusu ya jina ikiwa imeliwa. Mpangilio huo ni wa kwetu, Mhanunuo haujui. Usimwonyeshe ukidhani ataweza kuusoma.

Ushauri wetu: kwa kazi ya kwanza chagua maneno yenye *a, i, u* tu na konsonanti zilizopo. Unajifunza hati ilivyo, badala ya kuanza kuitia viraka siku ya kwanza.

Anza na jina lako, siyo na jedwali

Wahanunuo hawana mpangilio maalumu wa kufundishia herufi. Kijana huanza na jina lake mwenyewe, kisha ananakili nyimbo za mapenzi za wenzake, na kila wimbo unamwongezea herufi mbili tatu mpya. Njia hiyo ni bora kuliko kukariri safu, maana herufi inakaa kichwani ikiwa ndani ya neno.

Chukua daftari lenye miraba na penseli. Gawa jina lako kwa silabi: Salima ni sa-li-ma, ᜰᜮᜲᜫ. Badilisha *e* na *o* kama zimo. Ondoa konsonanti zinazobaki bila irabu. Herufi moja ichukue mraba mmoja, na acha mraba mtupu juu na chini kwa ajili ya vialama. Baada ya jina lako andika la mama, la jirani, la mtaa. Usiache nafasi kati ya maneno, kwa kuwa wenyewe hawaachi.

Sasa geuza daftari. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Hati husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama tulivyozoea, ila kwenye mwanzi huchongwa kutoka chini kwenda juu: kipande kinashikwa kikielekea mbele, mbali na mwili, na mistari inasimama kama nguzo. Nguzo ya kwanza ni ya kushoto. Herufi zinakuwa zimelala ubavu. Ukikigeuza kipande robo duara kuelekea kulia, nguzo zinakuwa mistari ya kawaida, ile ya kushoto ikiwa juu kabisa. Maana yake ukiwa unachonga, kialama cha *i* kinakaa kushoto kwa herufi, na cha *u* kinakaa kulia. Andika jina lako mara kadhaa kwenye daftari kwa mtindo huo wa nguzo, chini kwenda juu, hadi mkono uzoee. Anayechonga bila zoezi hili huweka vialama upande usio wake, na kila *ki* yake husomeka *ku*.

Wanaotumia mkono wa kushoto wana ruhusa yao. Conklin aliona kwamba Wahanunuo wenye mkono wa kushoto huchonga kinyume, kama kwenye kioo, herufi na mwelekeo vyote vikiwa vimegeuzwa, na wenzao wanawasoma bila shida. Kwa mwanafunzi hatushauri. Jifunze kusoma kwanza.

Maandishi ya kuchonga

Ushairi wa Wahanunuo unaoitwa *ambahan* una sheria ambayo msomaji wa mashairi ya Kiswahili ataielewa mara moja: kila mstari una mizani saba, na mistari inafungwa kwa kina kimoja. Ginaw Bilog, aliyetunza na kuchonga ambahan, alipewa tuzo ya taifa ya wasanii wa jadi ya Ufilipino mwaka 1993. Ambahan za kweli ziko kwa Kihanunuo, na kunakili mashairi usiyoyaelewa ni kujaza makosa usiyoyaona. Kwa mazoezi tumia mistari ya Kiswahili iliyotungwa kwa kipimo hicho, kama hii ya usiku wa wavuvi:

Usiku una taa, ᜢᜰᜲᜣᜳᜢᜨᜦᜠ
wakinipa dagaa, ᜯᜣᜲᜨᜲᜩᜧᜤᜠ
sitaki kukataa. ᜰᜲᜦᜣᜲᜣᜳᜣᜦᜠ

Hesabu: kila mstari una herufi saba, hakuna *e* wala *o*, hakuna sauti iliyoachwa. Mizani saba ni migumu kwa sikio lililozoea nane za utenzi. Mstari unataka kwenda mbele na wewe unaukatiza.

Mwanzi

Uulize kwa wauza mirunda na fito, au kwa mtu mwenye kichaka chake. Unatafuta shina lililokomaa lakini bichi, lililokatwa siku hiyo au jana yake. Mwanzi mchanga, ule ambao bado una maganda kwenye vifundo, husinyaa ukikauka na herufi zinajikunja nao. Mwanzi uliokauka na kuwa njano ni mgumu kama mfupa, kisu kinaruka juu yake. Wahanunuo wana namna yao ya kusema hivyo: kwa maelezo ya Conklin, kipande cha mwanzi uliokatwa sasa hivi, chenye majimaji, ni *malatuy* hata kama rangi yake ni ya kahawia, na mwanzi mkavu wa njano ni *marara*. Wewe chonga ungali *malatuy*.

Unene wa sentimeta 6 unafaa. Kata pingili moja, yaani sehemu iliyo kati ya kifundo na kifundo, kwa msumeno wa chuma. Panga linapasua mdomo wa mwanzi, na ufa huo utaendelea kutembea wakati wa kukauka. Pingili ya sentimeta 30 ikatwe katikati upate vipande viwili vya sentimeta 15. Simamisha kila kimoja, weka panga juu ya mdomo wake, gonga taratibu kwa gogo hadi kipasuke pande mbili, kisha kila upande upasue tena pande mbili. Mwanzi wa sentimeta 6 unakupa fito nne zenye upana wa kama sentimeta 4 na nusu. Chonga kingo zake zibaki 4, na ulainishe makali ya pembeni, maana ukingo wa mwanzi mbichi unakata kidole kuliko kisu. Kwa pingili moja unapata fito nane. Tatu za kwanza zihesabu kuwa za kuharibu.

Usiondoe ganda la nje. Hapo ndipo herufi zinapokaa. Lina nta nyeupe inayofanya masizi yasishike vizuri, kwa hiyo lisugue kwa kitambaa chenye maji na majivu laini hadi liache kuteleza.

Kisu

Kisu kidogo chenye wembe wa sentimeta 7 au 8, ncha kali na mgongo mnene. Wembe wa kunyolea unakatika. Kisu cha kukatia karatasi kinapinda na kuvunjika ncha, na kipande kinarukia machoni. Ukisikia kinakwaruza badala ya kukata, kimeshakuwa butu. Kinoe kila baada ya nguzo moja, usisubiri.

Weka fito juu ya meza au ubao, siyo pajani. Ielekeze mbele yako. Mkono wa kushoto unashika nyuma ya kisu wakati wote. Usiuweke mbele ya ncha hata kwa sekunde. Kisu kinasukumwa kwenda mbele, hakivutwi kuja kwako. Hii ndiyo sababu ya hati kupanda kutoka chini kwenda juu: anayeandika kwa kisu kikali anaelekeza ncha mbali na tumbo lake.

Gawa fito kwa nguzo tatu. Herufi iwe na kimo cha milimita 10, na kila nguzo ipewe milimita 13 ili vialama vipate pa kukaa. Tatu zinatosha ndani ya sentimeta 4 bila kubanana. Kwenda juu, kila herufi ipe milimita 12. Saba zinachukua milimita 84, na pande mbili zinabaki nafasi za kushikia. Penseli haishiki kwenye ganda, chora mistari ya kuongozea kwa makapeni. Itafutika kwa spiriti baadaye.

Kila mstari wa herufi unahitaji mikato miwili. Wa kwanza kisu kimelala kidogo kushoto, wa pili kimelala kidogo kulia, na kati yao kinaruka kiuzi chembamba kikiacha mfereji. Kina kisizidi milimita moja. Ukizama zaidi unaingia kwenye nyuzi nene, na hapo kingo za herufi zinachanika.

Nyuzi za mwanzi zinakwenda urefu wa fito, na ndizo zinazoharibu kazi ya wengi. Mkato unaofuata nyuzi unakwenda kwa raha mno. Kisu kinakimbia na kupita pale ulipotaka kiishie, na mstari wa herufi moja unaingia kwenye herufi ya juu yake. Dawa: kabla ya kuukata, weka kikato kidogo cha kukingama pale mwisho wake unapotakiwa kuwa, kisu kikifika hapo kinasimama. Mkato unaokatisha nyuzi unataka nguvu zaidi na huacha kingo zenye vinyweleo. Upitie mara mbili kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Mviringo usiuzungushe. Uvunje uwe vipande vifupi vilivyonyooka, vitatu au vinne.

Vialama weka mwisho, baada ya nguzo nzima kuwa tayari. Ukivichonga pamoja na kila herufi utasahau kimoja, na kuking'amua ni vigumu kwa kuwa neno bado linasomeka, ila ni neno jingine. Katika mistari yetu mitatu vialama vya *i* ni vitano na vya *u* ni viwili. Vihesabu kabla ya kuondoka mezani. ᜡ na ᜢ hazimo kwenye hesabu hiyo, maana irabu inayosimama peke yake haina kialama.

Kutia weusi na kukausha

Mchongo mpya unaonekana kwa weupe wake juu ya kijani, lakini mwanzi ukikauka vyote vinakuwa njano na maandishi yanapotea. Tia masizi. Ya koroboi ni laini kuliko ya chini ya sufuria. Mkaa uliosagwa una chembe kubwa na unadondoka. Masizi hayapendi maji, yanaelea tu juu yake, kwa hiyo changanya kijiko kimoja cha chai cha masizi na maji kidogo yenye tone la sabuni ya maji hadi yawe uji mzito. Paka kwa kidole, sukuma ndani ya mifereji, acha yashike kwa dakika chache, kisha futa juu kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Kitambaa kikiwa na maji mengi kinayatoa tena masizi ndani ya herufi.

Mawese usiyatumie, ingawa Kigoma ndiyo yako karibu. Yanapenya kwenye nyuzi zilizofunguliwa na kisu na kuacha doa la rangi ya machungwa kuzunguka kila herufi, na siku za baridi yanaganda mferejini.

Kausha kivulini, fito zikiwa zimelala juu ya vijiti ili hewa ipite chini yake, na zigeuze kila siku. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, upepo wa ziwa unakausha kwa kasi na ncha zinapasuka. Zifunge kwa kitambaa chenye unyevu siku za mwanzo ili zikauke kwa mwendo mmoja na katikati. Masika tatizo ni ukungu, na hapo unahitaji upepo zaidi, hata moshi wa jikoni unasaidia. Bungua wanapenda wanga ulio ndani ya mwanzi: ukitaka fito idumu, kabla ya kuchonga ilaze ndani ya maji kwa siku kadhaa ukibadilisha maji, ingawa kwa mazoezi si lazima.

Kusoma ulichochonga

Mpe mwenzako anayejua herufi, bila kumwambia kilichoandikwa. Mwambie atamke silabi kama zilivyo, bila kubahatisha neno, kisha arudie akitafuta maana. Akitoa "Kiguma" halafu akasema "Kigoma", hati imefanya kazi yake. Akikwama kwenye silabi ileile kila mara, tazama kialama kabla ya kulaumu msomaji. Mara nyingi kimekaa katikati ya herufi mbili, na hajui ni cha ipi.

Kuna alama inayoweza kuonyesha konsonanti isiyo na irabu, iitwayo *pamudpod*: ᜴. Haikuwa ya Wahanunuo wa zamani. Iliingizwa katika karne ya 20 na Mholanzi Antoon Postma, mmisionari aliyeishi na Wamangyan kwa miongo mingi. Kwa alama hiyo *kamba* inakuwa ᜣᜫ᜴ᜪ, haigongani tena na *kaba*, na *malagti* inakuwa ᜫᜮᜤ᜴ᜦᜲ. Kwa Kiswahili inafaa sana, hasa *m* ya *mtu*: ᜫ᜴ᜦᜳ. Hata hivyo ichelewesheni. Aliyeanza nayo hushindwa kusoma mwanzi wowote wa zamani, kwa kuwa hajawahi kujifunza kurudisha sauti zilizoachwa. Na haiwasaidii *Mahale* na *mahali*. *E* na *o* bado hazina pa kukaa.

Kwenye simu na kompyuta

Hati iliingizwa katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, mwaka 2002, toleo la 3.2. Fonti ya bure ni Noto Sans Hanunoo; simu nyingi za Android tayari zinayo ndani yake. Angalia jina vizuri unapopakua. Baybayin (hati ya zamani ya Kitagalogi), Buhid na Tagbanwa (ndiyo ile Tagbanua) zina fonti zao na herufi zinazofanana kwa mbali, na watu huzichanganya kila siku mitandaoni. Sauti ni karibu zilezile, maumbo siyo.

Kwenye LibreOffice Writer andika U+1723 kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja. Itageuka kuwa ᜣ. Namba zinafuata mpangilio wa orodha ya juu: a ni 1720, i ni 1721, u ni 1722, ka ni 1723, na kuendelea. Kumbuka kwamba baada ya 1729, ambayo ni pa, inakuja 172A, ba, hadi 172F, wa. Ndipo 1730, sa, na 1731, ha. Kialama cha *i* ni 1732, cha *u* ni 1733, pamudpod ni 1734. Usiache kuandika ile U+ mwanzoni: bila hiyo, kama nyuma yake kuna herufi a hadi f, programu inaihesabu kuwa sehemu ya namba na kukupa kitu kingine kabisa.

Konsonanti inatangulia, kialama kinafuata, hata pale kinapoonekana juu. Ukigeuza mpangilio utaona kiduara cha nukunuku kikiwa kimebeba kialama chake peke yake.

Kabla ya kupeleka kazi steshenari ikachapishwe, ihifadhi kama PDF kwenye kompyuta yenye fonti, kisha uifungue kwenye simu isiyo yako uone kama herufi zimebaki. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta ya dukani isiyo na fonti, utachapishiwa visanduku vitupu na utavilipia.